Kanda Namba 17

Likizo ya mwezi wa saba nilifika nyumbani Zuzu nikiwa na begi la nguo, kitabu cha Maungamo ya Mtakatifu Augustino nilichotakiwa kukimaliza kabla ya kurudi seminarini, na sipiyu ya zamani niliyoipakata kwenye daladala kutoka Dodoma mjini kama mtu aliyepakata mtoto wa mbuzi. Sipiyu hiyo ilikuwa ya binamu yangu mwenye duka la steshenari. Alishanunua nyingine, hii akawa anaegeshea miguu chini ya meza. Nilipomwomba alinipa bila maneno, akaongeza kibodi iliyokosa vibonyezo viwili na spika mbili ndogo za mezani. Skrini hakuwa nayo. Nilimwambia haina shida, kwa sababu anayekwenda kuitumia haoni.

Nilimaanisha babu yangu mzaa mama. Presha ya macho imemchukua pole pole, kwanza pembeni, kisha katikati, na sasa anatofautisha mwanga na kivuli tu. Masikio yake hayajaguswa. Ukiingia uani anakutambua kwa hatua, na ukijikohoza anakuambia umeanza mafua. Ni masikio ya kazi. Kuanzia mwaka 1979 hadi 2010 alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, hajalipwa hata senti, na nota alijifunza kutoka kwa padre mmoja wa Wapasionisti aliyekuwa akipita vigangoni kwa pikipiki.

Chini ya kitanda chake kuna kasha la sabuni lenye kanda 41. Mwaka 1983 alinunua redio kaseti kwa fedha za karanga, na tangu hapo kila sikukuu kubwa aliiweka kwenye dirisha la kanisa, akabonyeza kitufe chekundu, akaenda kusimama mbele ya waimbaji wake. Krismasi, Pasaka, Somo wa kigango, ziara ya askofu, mazishi ya katekista. Kila kanda aliipa namba kwa kalamu nyekundu, na maelezo yake akayaandika kwenye daftari. Daftari hilo sasa hawezi kulisoma. Redio yenyewe ilikufa zamani. Kwa hiyo kasha lilikuwa limekaa miaka mingi kama kisima ambacho kamba yake imekatika.

Niliiambia familia kwamba nataka kuziingiza kanda zote kwenye kompyuta ili babu asikilize nyimbo zake. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa na sababu ya pili ambayo sikumwambia mtu: nilitaka kuifikia kanda namba 17 kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nianze na kazi yenyewe, maana nimeulizwa na wenzangu wawili hapa seminarini ambao nao wana makasha ya namna hiyo kwao.

Kwanza utafute redio kaseti inayofanya kazi, na hili ndilo gumu kuliko yote. Nilipata moja kwa fundi redio karibu na soko la Majengo. Alibadilisha mkanda wa mpira unaozungusha mashine, akanionyesha jinsi ya kusafisha hedi kwa pamba na spiriti, akanisisitiza nisafishe kila baada ya kanda mbili tatu. Alisema kweli. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, na kanda iliyokaa miaka thelathini katika joto na vumbi la Dodoma huacha unga huo kwenye hedi. Pamba ilitoka na rangi ya udongo wa kwetu.

Kisha unahitaji waya wenye pini mbili. Pini moja unaichomeka kwenye tundu la spika za masikioni kwenye redio, nyingine kwenye tundu la bluu nyuma ya sipiyu. Programu ya kurekodi ni Audacity, hailipiwi. Sipiyu ya binamu ilikuwa nzito mno kwa Windows, basi nikaiwekea Lubuntu ambayo ni nyepesi, nayo pia hailipiwi. Kwa muda wa matengenezo niliazima skrini ya ofisi ya parokia.

Kompyuta haisikii wimbo kama tunavyousikia sisi. Inapima mtikisiko wa sauti mara 44,100 kila sekunde, inaandika kila kipimo kama namba, na baadaye inazisoma namba hizo na kuzirudisha kuwa mtikisiko. Dakika moja inachukua megabaiti 10 hivi. Kanda ya dakika 60 inachukua zaidi ya 600. Kasha zima la babu lilitosha kwenye gigabaiti 30 na ushee, yaani sehemu ndogo ya hadi diski ile ya zamani. Nilishika kichwa. Miaka zaidi ya ishirini na tano ya sikukuu, na bado nafasi inabaki.

Jambo ambalo huwezi kuliharakisha ni muda. Kanda ya saa moja inataka saa moja. Huwezi kuinakili kama unavyonakili faili kwenye flashi, ni lazima ipite yote mbele ya hedi kwa mwendo wake, sentimita 4.76 kila sekunde, na wewe uwe karibu isije ikajikunja. Nilikuwa nafanya kanda mbili au tatu kwa siku, na wakati inazunguka mimi nasoma Augustino.

Siku ya kwanza kulikuwa na mvumo mzito nyuma ya sauti zote, kama nzi aliyefungwa kwenye debe. Babu alisema ni zile nguzo. Kwa wasioijua Zuzu, hapa kwetu ndipo kilipo kituo kikubwa cha kupozea umeme wa gridi ya taifa, na nguzo za chuma zinatoka hapo kwenda mikoa mingine kama jeshi linaloandamana. Mzee anazilaumu kwa mengi, pamoja na mvua kuchelewa. Kumbe tatizo lilikuwa dogo: redio na sipiyu zote zilikuwa zimechomekwa kwenye umeme, na zilipounganishwa kwa waya ule mvumo ukapita. Nilipoiendesha redio kwa betri ulikoma hapo hapo. Babu hakubadilisha maoni yake kuhusu nguzo.

Tatizo la pili lilinipa furaha kuliko yote. Katika kanda nyingi kwaya ilisikika kama watoto wa kipaimara, sauti nyembamba na za haraka. Babu alisikiliza nusu dakika akacheka. "Betri hizo," alisema. "Zilikuwa zinakwisha. Tulikuwa tunazianika juani ziamke." Akiwa na betri dhaifu, redio yake ilizungusha utepe pole pole wakati wa kurekodi, leo ukiucheza kwa mwendo sahihi, kila kitu kinakimbia na kupanda. Kompyuta inaweza kupunguza mwendo, lakini ipunguze kiasi gani? Nusu sauti moja ni tofauti ya mwendo ya karibu asilimia 6, na sikio langu halikuwa na kitu cha kushika, maana kwaya yetu enzi hizo haikuwa na kinanda.

Babu ndiye aliyenipa jibu. Kengele ya kigango chetu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwarobaini, kinapigwa kwa nondo. Kipo hadi leo, hakijakatwa wala kuongezwa. Na kwa kuwa babu alikuwa anaiwasha redio kabla ya Misa kuanza, kanda nyingi zinaanza na mlio wa reli hiyo. Nilikwenda asubuhi nikaipiga, nikairekodi kwa simu (mwenyekiti wa kigango alitoka mbio akidhani kuna msiba), nikarudi nikalinganisha. Kila kanda niliyoipunguza mwendo hadi reli yake ikalia kama reli ya mtini, kwaya nayo ilishuka, sauti zikapata miili ya watu wazima, na babu akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa majina. Wengi wao tumeshawazika.

Katika kasha kulikuwa pia na kanda mbili ambazo si za kanisa, moja ya Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba aliyefariki mwaka 2003. Babu alikuwa akiwachezea waimbaji wake kanda hiyo kabla ya mazoezi, ili wasidhani kwamba kuimba sauti nyingi kumeletwa na wamisionari. Wagogo waliimba kwa sauti zilizopangana kabla ya nota kufika kwetu. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, Wagogo walikuwa miongoni mwa waliomwimbia, na sauti hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Radio Tanzania nayo ilirekodi bendi na kwaya kwa miaka mingi kwenye kanda kubwa za magurudumu. Ni vizuri kwamba hizo zipo. Lakini hakuna aliyekuja kurekodi kigango chetu. Kilichorekodiwa ni kile ambacho babu alikirekodi kwa betri za kuanikwa.

Sasa kanda namba 17.

Daftari linasema: Somo wa kigango, 1991, wimbo wa vipaji, mwanzishaji Mama Mwalimu. Mama Mwalimu ni bibi yangu. Wimbo huo babu aliutunga kwa mahadhi ya Kigogo, wakinamama wakiupigia ngoma za muheme zinazobanwa kati ya magoti, huku wengine wakipeleka mtama na uwele altareni. Uliimbwa miaka michache, kisha ukaachwa. Baadhi ya wazee wa kigango walisema muheme ni ngoma ya uani, si ya mbele ya Ekaristi. Babu aliwajibu kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha sema mwaka 1963, katika hati juu ya Liturujia, kwamba muziki wa asili wa mataifa yaliyopokea Injili upewe heshima na nafasi yake. Na kwamba padre wetu Mtanzania, Stephen Mbunga, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Hakushinda. Babu ni mtii kuliko anavyopenda kuonekana, akauweka wimbo kando. Kwa hiyo haukuwahi kurekodiwa tena. Na katika kanda zote 41, hiyo ndiyo pekee ambayo bibi anaanzisha wimbo peke yake.

Bibi alifariki mwaka 2009. Mwaka 2011 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naishi kwa babu, na darasani kwetu aliyekuwa na kanda ya Bongo Fleva alikuwa mfalme. Redio kaseti ya babu ilikuwa bado nzima. Kanda tupu sikuwa nayo. Nilichukua moja kasheni bila kuangalia namba. Wanaozikumbuka kanda wanajua kwamba nyuma zina vijipande viwili vya plastiki; ukivivunja, redio inakataa kurekodi juu yake. Babu alikuwa amevivunja. Nilijua maana yake. Nikatafuna karatasi, nikaziba kitundu, nikabonyeza kitufe chekundu. Nilirekodi kutoka redioni dakika kama ishirini, nikaipeleka shule, nikatamba siku mbili. Siku ya tatu nilisoma namba na jina kwenye ganda, nikairudisha kasheni, nikanyamaza kwa miaka 14.

Katika miaka hiyo nimepokea kipaimara, nimeingia seminari ndogo, nimeungama sijui mara ngapi. Hili sikuwahi kulitaja. Nilijiambia ni kanda tu.

Nilipoitoa kasheni mwezi wa saba, kile kikaratasi kilikuwa bado kwenye kitundu chake, kimekauka, kigumu kama kokoto.

Niliicheza usiku, babu akiwa amelala, sauti nikaisikia kwenye spika za masikioni. Reli ililia. Kukawa na kikohozi, mtoto akalia, ngoma zikaanza chini chini. Halafu bibi. Sikuikumbuka sauti yake kuwa kubwa hivyo. Anaanzisha, kwaya inampokea, ubeti wa kwanza unakwisha. Anavuta pumzi ya ubeti wa pili, anaingia, anaimba maneno matatu, kunatokea mlio kama mtu aliyefyatua kidole, na mtangazaji wa redio anasalimia vijana wote wa Dodoma na Singida.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo, anapojaribu kueleza wakati ni nini, anachukua mfano wa mtu anayetaka kuimba wimbo anaoujua. Kabla hajaanza, wimbo wote uko katika kutazamia. Anapoimba, kile alichokwisha imba kinahamia kwenye kumbukumbu, na kutazamia kunapungua kidogo kidogo hadi wimbo unapokwisha na wote kuwa kumbukumbu. Nafsi imenyooshwa pande mbili. Nilishausoma ukurasa huo mchana, nikaupigia mstari, nikaona ni mzuri kwa mtihani. Usiku ule nilielewa kwamba kuna wimbo ambao mimi niliukata katikati ya kutazamia. Ubeti wa pili ulikuwa unaning'inia hapo tangu 2011, haujaenda upande wowote.

Na hapo hapo nilifanya jambo lingine. Kwenye Audacity sauti inaonekana kama mawimbi. Sehemu ya kanisa ilikuwa mawimbi membamba; kuanzia kwenye kiungo, Bongo Fleva ilisimama kama ukuta. Nilichagua ukuta wote, nikafuta. Pumzi ya bibi na maneno yale matatu nikayafifisha kwa sekunde mbili, yakazimika taratibu. Nikasikiliza tangu mwanzo. Ilikuwa nzuri. Mtu yeyote angesema kanda iliishia pale, au betri zilikwisha. Nikalihifadhi faili kwa namba 17, nikachomoa kile kikaratasi kwa pini, nikakitia mfukoni.

Uongo ule haukuhitaji hata neno moja. Ulikuwa faili tu, tena safi kuliko mafaili mengine yote 40. Sikulala vizuri. Sisi wanafalsafa tunafundishwa kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu kilivyo, na mimi nilikuwa nimekitengeneza kitu ili akili ya babu ilingane nacho.

Asubuhi nilimkuta chini ya mwarobaini anapata uji.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, frateri. Umelala saa ngapi? Nimesikia mlango."

Nikamwambia yote. Kanda, kikaratasi, shule, na faili la usiku. Nilisema haraka, kama mtu anayemeza kwinini. Aliweka kikombe chini.

"Hicho kikaratasi unacho?"

Nilikitoa mfukoni, nikakiweka kwenye kiganja chake. Alikigeuza geuza kwa vidole.

"Nilijua," alisema. "Nilijua mwaka ule ule, siku ya kumbukumbu ya bibi yako. Niliiweka nikae naye kidogo, akatoka mtangazaji."

"Mbona hukunipiga, babu?"

"Nilikupiga. Hukumbuki siku mbuzi walipoingia kwenye shamba la mtama la jirani?"

Nilikumbuka. Nililala kifudifudi siku mbili.

"Ulidhani zile zote zilikuwa za mbuzi?"

Alicheka peke yake. Mimi sikuweza. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, akaniambia nikalete kompyuta nje, nicheze kanda yenyewe, si ile niliyoitengeneza usiku. Niliburuta waya kutoka dirishani. Reli, kikohozi, ngoma, bibi. Ubeti wa kwanza. Pumzi. Maneno matatu. Mlio wa kidole. Nilizima kabla mtangazaji hajamaliza salamu, na babu akaendelea kuimba pale bibi alipokatwa.

Lakini aliimba besi. Sauti aliyokuwa akiimba yeye, ndiyo mwili wake uliyoishika. Uzi wa juu hakuwa nao. Alijaribu mara mbili, ukampotea. "Niliutunga mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilimwona ana uchungu. "Niliutunga mimi, nikamwachia yeye auweke."

Plato katika Phaedrus anasimulia jinsi mfalme Thamus wa Misri alivyoletewa maandishi kama dawa ya kumbukumbu, akakataa, akasema yatawafanya watu wasahau, kwa kuwa wataitegemea alama ya nje badala ya kukumbuka wenyewe. Nimewahi kumtetea mfalme huyo darasani kwa maneno mengi. Pale chini ya mti sikujua nisimame upande gani. Babu aliiamini kanda, akauacha wimbo utoke kichwani. Kanda nayo ikamkuta mtoto mwenye karatasi mdomoni.

Jumapili baada ya Misa aliwaita wakinamama watatu waliokuwemo kwenye kwaya ya mwaka 1991. Wa kwanza ana umri wa miaka sabini na kitu, wengine wamemzidi. "Mbukwenyi," walisema mlangoni, wakakaa kwenye mkeka, wakaangalia sipiyu kwa mashaka. Nilipocheza ubeti wa kwanza, mmoja alijifunika uso kwa kanga. Tulipofika kwenye kiungo, wote watatu waliingia ubeti wa pili bila kuulizwa, bila kutazamana, kama watu wanaoshuka ngazi za nyumba yao gizani. Babu akawafuata kwa besi. Magoti ya yule mkubwa yalikuwa yamebana ndoo tupu, anaipiga.

Ubeti wa tatu wakagombana. Mmoja alisema unaanza kwa mtama, mwingine akasema mtama ni ubeti wa pili, wa tatu unaanza kwa kumwita Mama Maria. Babu mtunzi alipoulizwa alisema hakumbuki, wakamcheka. Waliimba namna mbili. Simu yangu ilikuwa inarekodi muda wote, pamoja na kicheko, ndoo, na jogoo wa jirani.

Zilikuwa zimebaki siku nne nirudi seminarini, nikazitumia kumalizia mashine ya babu. Skrini niliirudisha parokia. Kibodi nayo babu haihitaji yote, anahitaji namba za upande wa kulia tu. Kibonyezo cha 5 pale kati kina kinundu kidogo. Kimewekwa kiwandani kwa ajili ya vidole visivyoangalia, nami nilikuwa nimetumia kompyuta miaka minane bila kukigusa kwa akili. Kutoka hapo kidole kinajua namba nyingine zilipo. Rafiki yangu mmoja aliyesoma kompyuta kabla ya kuingia seminari alinisaidia kwa simu kuandika maelekezo ya mistari isiyofika thelathini: babu akibonyeza 1, kisha 7, kisha kibonyezo kikubwa cha pembeni, sauti yangu inataja kanda na mwaka, halafu wimbo unaanza. Sifuri inanyamazisha. Umeme ukikatika na kurudi, sipiyu inajiwasha yenyewe. Nakala nyingine nimeziweka kwenye hadi diski mbili, moja iko parokia, moja ninayo hapa.

Kuhusu faili namba 17 nilimuuliza afanye uamuzi yeye. Nilimwambia naweza kukata pale kwenye kiungo na kuunga sauti za wakinamama, wimbo ukatoka mzima.

"Usikate," alisema. "Acha na huyo mtangazaji. Wakinamama wape namba yao."

Kwa hiyo 17 iko kama kanda ilivyo, dakika zote, na Bongo Fleva ya mwaka 2011 ndani yake. Lile faili la usiku nimelifuta. Wakinamama na ndoo yao ni namba 42.

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia kutoka nyumbani. Anasema babu anafungulia 17 alfajiri kabla ya Malaika wa Bwana, na asipowahi kubonyeza sifuri, watoto wanaamka na kucheza kwenye sehemu yangu. Simu akampa babu. Alitaka kujua kama naweza kutengeneza namba 43 kutoka huku huku niliko. Yule mama mkubwa, mwenye ndoo, amekumbuka ubeti wa tatu. Haunzi kwa mtama wala kwa Maria, na anasema wenzake wote wawili wamekosea, na mtunzi pia.